Utalala kwa Nani?

Nikimwambia mtu nataka kutembea kutoka Nakuru hadi Ziwa Baringo, swali la kwanza huwa ni moja: "Kwani umekosa nauli?"

Wasee, nauli iko. Matatu za Marigat zinatoka hapa tauni kila siku. Ukipanda asubuhi, mchana uko Kampi ya Samaki unakula tilapia huku unaangalia maji. Mimi nataka kuifanya hiyo safari kwa siku saba, na begi mgongoni, na nataka kuwashawishi kwamba sijarukwa na akili.

Nimepanga hii kitu tangu mwezi wa sita. Tuko wanne: mimi, kazini yangu na mabeste wawili. Wasichana watatu, kijana mmoja. Na kitu kikubwa nimejifunza, hata kabla sijapiga hatua moja, ni kwamba video nyingi za kutembea mbali zinatuanzisha upande usiofaa. Zinaanza na begi. Dakika ishirini za viatu, hema na majiko madogo ya gesi. Huku kwetu mpango unaanza na watu, na ukikosa watu, hata uwe na hema la bei gani, huna safari.

Wacha nieleze njia kwanza ndio tuelewane.

Nakuru ina ziwa lake lakini huwezi kulizunguka kwa miguu. Ni mbuga yenye ua, na ndani kuna simba, nyati na vifaru. Kwa hivyo Ziwa Nakuru tutaliaga kwa mbali, tuipite Menengai upande wa magharibi, tuelekee kaskazini. Siku ya kwanza ni Kampi ya Moto, kama kilomita 20. Siku ya pili ni Mogotio, fupi kidogo. Ukishatoka Mogotio unavuka Ikweta. Maze, fikiria hiyo: unaivuka na miguu yako, raba moja iko kusini, nyingine kaskazini. Halafu inakuja sehemu ngumu, kama kilomita 60 za ukavu na miiba hadi Marigat, ambazo tumezigawanya siku tatu. Siku ya sita tunapumzisha miguu na kwenda Bogoria kuona maji yanayochemka yenyewe kutoka ardhini. Siku ya saba, kilomita kama 20 za mwisho, Kampi ya Samaki. Jumla ni karibu kilomita 120 bila kuhesabu Bogoria, na njia yote unateremka: Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Baringo iko karibu mita 1,000. Kila siku joto linaongezeka.

Maziwa matatu, bonde moja. Nakuru, Bogoria na Elementaita ziliwekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Watu wanapanda ndege kuja kuziona. Sisi tunaishi hapa na wengi wetu tumeona Bogoria kwenye kitabu cha jiografia peke yake.

Sasa, ulaya huko wana njia zao. Uingereza kuna moja ya pwani ya kusini magharibi, zaidi ya kilomita 1,000, ina vibao mwanzo hadi mwisho. Uhispania kuna ile ya mahujaji ya Santiago de Compostela, mishale ya manjano kila kona na nyumba za kulala wasafiri kila baada ya kilomita kadhaa. Nilikuwa naangalia hizo video usiku kwa simu, nikitamani. Kisha nikamwonyesha shosh.

Shosh aliangalia vizuri, akavua miwani, akaniuliza: "Na wewe utalala kwa nani?"

Nikamwambia, shosh, hiyo tumepanga, kuna hema. Akasema, "Sijakuuliza utalala wapi."

Hilo swali lilinikalia kichwani wiki nzima. Ili mjue kwa nini, lazima niwaambie kitu kuhusu familia yetu na kutembea.

Sisi tulikuwa watu wa upande wa Molo. Desemba 2007 nchi ilipiga kura, na mnajua kilichofuata. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakatoka makwao, na Bonde la Ufa ndilo liliumia zaidi. Kwetu ilikuwa mwanzoni mwa Januari. Nilikuwa na miaka minne. Kutoka kwetu hadi Nakuru ni karibu kilomita 50, na mama na shosh walizitembea nyingi kati ya hizo usiku, wakikwepa barabara, mpaka wakapata lori. Kwa hivyo kilomita zangu za kwanza maishani nilizipiga nikiwa mgongoni. Tuliishia uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru, kwenye mahema, pamoja na maelfu ya wengine.

Mimi sikumbuki karibu chochote. Nakumbuka uji. Shosh ndiye aliyenieleza ule uji ulitoka wapi. Usiku wa pili walibisha nyumba fulani. Watu wa ile nyumba hawakuwa wa lugha yetu. Kwa hesabu za wakati huo walikuwa upande ule mwingine. Mama mwenye nyumba alifungua, akawaingiza jikoni, akapika uji, akawaambia waondoke kabla ya jogoo. Hakusema jina lake na wao hawakuuliza. Shosh husema kwamba usiku ule nyumba zilikuwa nyingi na mlango ulikuwa mmoja.

Sasa unaelewa kwa nini hakuwa anauliza habari ya hema.

Na unaelewa kwa nini mama alikataa. Wiki tatu hakutaka kusikia. Hakupiga kelele, alisema tu kitu kimoja akikuna nazi, bila hata kuniangalia: "Mimi nilitembea ndio wewe usitembee." Utajibu nini hapo? Kizazi chao, kutembea mbali kulikuwa na maana mbili: umekosa pesa, ama unafukuzwa. Halafu mtoto umemsomesha mpaka chuo anakuja kukwambia anataka kutembea kilomita 120 kwa raha, tena kupitia kwa watu ambao si wa lugha yake. Ningekuwa mimi ndiye mama, hata mimi ningekataa.

Lakini mimi naona hivi. Kizazi chetu kinasikia habari za "wale wa huko" kila siku. Wale wa Molo, wale wa Mogotio, wale wa Marigat. Tunawajua kwa matokeo ya kura na kwa utani wa mtandaoni. Ukipita kwa matatu na vioo vimefungwa na muziki umepandishwa, hujapita kwa mtu. Mwenye kutembea lazima aombe maji. Lazima aulize njia. Lazima asalimie, kwa sababu mtu anayepita bomani kwa watu bila salamu anatiliwa shaka, na ni haki yao. Kutembea kunakulazimisha kuwa mgeni wa mtu, na mwenyeji naye analazimika kukuangalia usoni. Hiyo ndiyo sababu nataka kwenda. Mandhari ni nyongeza.

Na si jambo geni kwenye njia hii. Kabla reli haijafika Nakuru mwaka 1900, watu walikuja huku kwa miguu kutoka pwani. Misafara ya Waswahili ilipanda kutoka Pangani na Mombasa kutafuta pembe za ndovu, ikapita Naivasha, ikafika Baringo. Mzungu Joseph Thomson alipokuja mwaka 1883 hakuja akijua njia. Alikuwa pamoja na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeizoea nchi hii kabla yake. Miaka kumi baadaye akaja J. W. Gregory, mwanajiolojia, akaangalia kuta za bonde mpaka Baringo, na leo sehemu yetu ya bonde inaitwa kwa jina lake kwenye vitabu. Wapagazi waliombebea mizigo hawana hata kilima.

Sasa sikia hii, kwa sababu ni jibu la swali la shosh. Ile misafara ilikuwa na watu wengi na bunduki, lakini ilipofika Baringo ilikuwa na njaa kama mtu mwingine yeyote. Iliokolewa na Ilchamus, watu wanaoishi kando ya ziwa, waliokuwa wakilima nafaka kwa kugawa maji ya mto kwenye mifereji. Waliwauzia chakula, misafara ikapiga kambi hapo, ikapumzika, ikajipanga upya. Yaani hata wale wenye bunduki, mpango wao ulisimama juu ya mwenyeji. Na hiki Kiswahili unachosoma saa hii kilifika bonde hili hivyo hivyo, kwa miguu, kabla ya injini ya kwanza. Angalia hata majina kwenye njia yetu: Kampi ya Moto, Kampi ya Samaki. Kampi ni kambi, mahali pa kutua mzigo na kulala.

Basi tulichukua daftari, tukafuta ile orodha ya vifaa, tukaandika vituo saba na kando ya kila kituo tukaacha nafasi ya jina la mtu. Mwanzoni tulikuwa na jina moja. Wiki ya kwanza nilitaka kuacha. Lakini ukianza kuuliza, unashangaa. Beste wangu alisoma na msichana ambaye kwao ni Mogotio. Fundi wa pikipiki hapa mtaani ana dada aliyeolewa karibu na Kampi ya Moto. Kanisa la kazini yangu lina tawi upande wa Marigat. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa anajua kwamba ana watu kwenye hiyo barabara.

Kila jina tulilipigia simu. Si kutuma ujumbe, kupiga. Na hivi ndivyo tunavyofanya, kama unataka kuiga:

Unajitambulisha wewe ni mtoto wa nani na umepewa namba na nani. Unasema mko wangapi na wasichana ni wangapi. Unaomba mahali pa kusimamisha hema ndani ya boma, usiku mmoja, na unasema siku. Unauliza kama mzee wa kijiji ama chifu anafaa kuambiwa, na jibu huwa ni ndiyo. Mgeni anayejulikana kwa chifu hana haja ya kujieleza njiani.

Mkono mtupu haubishi hodi. Kila boma tumewekea sukari kilo moja na majani ya chai. Pesa ya chakula iko kwenye bajeti na itaachwa kwa mama wa nyumba, kwa adabu, bila kuhesabu mbele ya watu. Na tunajifunza salamu: "chamgei" kuanzia Mogotio, "supa" tukifika kwa Ilchamus. Kiswahili kitatosha kwa mazungumzo, lakini salamu ya mtu kwa lugha yake inafungua mlango upesi zaidi.

Wasichana, hii ni yenu, kwa sababu najua mnajiuliza. Hatutembei giza. Saa kumi jioni tuko bomani, hata kama miguu bado ina nguvu. Tunalala mahali ambapo kuna mama mwenye nyumba. Kila kituo tunatuma ujumbe kwa watu wawili nyumbani, na kama saa moja usiku haujafika, wanampigia mwenyeji moja kwa moja, maana wana orodha yote. Sodo zinakaa kwenye kopo lenye kifuniko, zikiwa nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, kwa sababu kutembea na joto vinaweza kubadilisha tarehe. Na huyo kijana mmoja tuliye naye si mlinzi wetu. Anabeba sufuria.

Kuhusu mwili: mtu mwenye begi anatembea kama kilomita nne kwa saa. Kilomita 20 ni saa tano za kutembea tu, bila kupumzika. Baada ya Mogotio jua si mchezo, kwa hivyo tunaondoka kukianza kupambazuka, tunatafuta kivuli kuanzia saa tano, na kilichobaki tunakimaliza alasiri. Maji ni lita tano kwa kila mtu, na lita tano ni kilo tano, kwa hivyo kila kitu kingine kwenye begi lazima kijieleze. Chumvi na sukari kidogo kwenye chupa moja. Chupa ziwe za kudumu, kwa sababu plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye mbuga na hifadhi tangu Juni 2020. Tembea upande wa kulia wa barabara, ukiangalia magari yanayokuja. Viatu ni vile umevizoea. Wengi waliotembea hii nchi kabla yetu walivaa akala. Usilale kwenye mto mkavu hata kama mchanga wake ni laini kama godoro, kwa sababu mvua inaweza kunyesha mlimani usiione, maji yakakufikia usiku.

Na ziwa liheshimiwe. Haya maziwa yamekuwa yakipanda kwa zaidi ya miaka kumi. Bogoria imemeza barabara na lango. Kampi ya Samaki kuna hoteli ambazo leo unaona paa tu, ama huoni kitu. Shule na zahanati zimehama, na familia zimehama nazo. Ramani ya simu inaweza kukuonyesha njia kavu na ukifika ukute kiboko. Tumejifunza kuuliza mtu aliyeamkia hapo asubuhi hiyo. Kufika ziwani jioni hakuna, kwa sababu giza likiingia viboko hutoka majini kula nyasi, na mamba wapo siku zote.

Tumebaki na tarehe. Watu wengine hupanga safari kwa kalenda ya mvua. Shosh alipoona daftari limejaa aliniuliza, "Kura ni lini?" Nikamwambia Agosti 2027. Akasema, "Basi tembeeni mapema." Nilicheka, yeye hakucheka. Hiyo ndiyo hesabu ya watu wa bonde hili, na mimi ningependa sana tuwe kizazi kitakachoacha kuifanya. Kwa sasa tumeiheshimu. Tunaondoka Desemba hii, vyuo vikifungwa.

Kituo kimoja tu kilikuwa hakina jina. Marigat, usiku wa tano. Yule mtu wa kanisa alihamishwa kikazi, nafasi ikabaki wazi. Daftari lilikuwa juu ya meza, na sikumwambia mama chochote, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kutoongea hiyo maneno.

Mama anauza viazi Soko la Wakulima. Kuna mama mmoja wa Marigat ambaye kwa miaka mingi amekuwa akija kununua magunia yake, na akija hubeba asali ya Baringo kutuletea. Tunamwita mama wa asali. Hiyo asali tumekula tangu niko shule ya msingi. Jumapili iliyopita nilifungua daftari nikakuta kando ya Marigat kuna namba ya simu, kwa mwandiko wa mama, na chini yake ameandika: "Nimeshaongea naye. Mmpelekee viazi."

Sasa sisi ni watu wanne tunaotembea jangwani na viazi. Kilo mbili tu, nimebishana hadi zikawa mbili.

Kama nawe unafikiria njia yako, iwe ni kuzunguka Naivasha, kupanda kutoka Njoro kwenda msitu wa Mau, ama kushuka Elementaita, usianze na duka la viatu. Chukua karatasi, andika vituo, na kando ya kila kimoja andika jina la mtu. Pale utakapokosa jina, muulize mama yako. Usishangae akikwambia hapana kwanza. Liache daftari wazi mezani.